Kompyuta Iliyovishwa Sweta

"Piga msumari, Khamala! Unangoja nini? Piga!"

"Apige, Mama Boaz. Apige mpaka achoke. Mimi nitanunua mashine yangu, na hiyo maiti mtabaki nayo wenyewe."

"Na nani ameiua? Si ni wewe na vita vyako? Kila jioni tu-tu-tu-tu, watu wanapigana risasi ndani ya kompyuta. Hata angekuwa punda, angelala chini!"

"Vita haiui mashine! Ni hayo madirisha yako, hiyo Windows. Umebebesha baiskeli mzigo wa lori, halafu unalia imevunjika!"

Khamala alisimama kati yao, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Misumari ile ilimsaidia sana. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi yuko upande wa nani.

Watu wa ploti, wapangaji wa ua mmoja, walikuwa wameacha ndoo zao kwenye mfereji ili wasikie vizuri. Hapo palikuwa Kawangware, Machi 1998, mvua ya El Niño ikiwa imetuacha juzi tu. Siku hizo redio moja iliamsha ploti nzima. Simu ilikuwa ya kibanda, na foleni ya simu ndiyo ilikuwa gazeti letu. Kompyuta kilikuwa kitu cha benki, si kitu cha ploti. Lakini ploti yetu ilikuwa nayo, na tuliringa nayo kama sisi ndio tulioizaa.

Kompyuta ilikuwa ya watu wawili. Wa kwanza ni Sella, yaani Mama Boaz, mke wa Khamala. Mlangoni pake palikuwa na kibao: BARUA, KADI ZA HARAMBEE, PROGRAMU ZA MAZISHI. Wa pili ni Okeyo, jirani wa ukuta mmoja. Mchana Okeyo alifanya vibarua Industrial Area. Jioni vijana walikuja kwake kucheza mpira, magari na vita kwenye skrini. Sella na Okeyo walichanga, wakanunua kompyuta moja iliyowahi kutumika ofisini.

Ukuta kati yao ulikuwa wa mbao. Khamala, ambaye alikuwa seremala, aliukata akaweka mlango mdogo. Kisha alitengeneza kabati la kompyuta lenye magurudumu ya bearing, kama ya mikokoteni ya watoto. Mchana kabati lilikaa kwa Sella. Jioni lilisukumwa kwa Okeyo. Grrr, likivuka, ploti nzima ilijua saa ya kazi imekwisha na saa ya michezo imefika.

Na si kabati tu lililopita pale. Mke wa Okeyo alikuwa nyumbani Siaya, akilima. Kwa hiyo sahani ya Okeyo ilipita kwenye mlango ule kila jioni. Mara nyingi Okeyo mwenyewe aliifuata sahani, akakaa, akapiga stori mpaka Sella akamfukuza kwa ufagio.

Sasa Khamala aliambiwa aufunge mlango huo.

Alipiga msumari mmoja. Tena aliupiga upande, ukapinda. Halafu akasema nyundo imelegea, akaenda kuitafutia mpini.

*

Ugomvi wenyewe ulitokana na mzee Wanzala, Mungu amrehemu.

Familia ya marehemu ilitaka programu ya mazishi kabla gari halijaondoka kwenda Busia. Sella alichapa sala, akachapa nyimbo, akachapa historia ya mzee. Alipofika kwenye majina ya wajane, skrini ikaganda. Mshale haukusogea. Alibonyeza hiki, akabonyeza kile. Wapi! Alizima, akawasha, na kazi yote ikawa imepotea. Akachapa tena. Ikaganda tena. Mwishowe akatoa taipureta yake ya zamani chini ya kitanda, akapiga chapa mbio mbio huku dereva akipiga honi. Katika haraka hiyo akaruka jina la mke wa pili.

Wewe unajua matanga. Mazishi yaliisha, lakini maneno hayakuisha. Mke wa pili, Immaculate, alirudi Kawangware akisema Sella alihongwa na mke wa kwanza. Wateja wakaanza kupita mbele ya kile kibao bila kuangalia.

"Sasa kila mtu anunue yake," Sella alimwambia mumewe. Alikuwa akisonga ugali, na mwiko ulipiga sufuria kama ngoma. "Nimemwambia Okeyo tuiuze hii, tugawane."

"Na mlango?"

"Mlango nao ni wa nini tena?"

Khamala aligeuka. Alitazama mlango. Upande wa pili palisikika karatasi ikikunjuliwa. Okeyo alikuwa anakula mkate mkavu, peke yake.

*

Jumamosi iliyofuata akaja Risper.

Risper alikuwa cousin ya Okeyo, anakaa Kambi Muru, Kibera. Alifundisha kompyuta katika kachuo kadogo huko tauni, katikati ya jiji. Sauti yake ilifika kabla yake. Alitoka Kibera kwa miguu, akisalimia watu njia nzima, na alipoingia ploti alikuwa tayari anajua nani ameachwa na nani ameolewa Riruta.

"Niaje watu wangu! Nasikia mnatalakiana juu ya kompyuta. Mimi hii lazima nione kwa macho."

Sella alimtazama kando. Moyoni alisema: huyu ni damu ya Okeyo, atamtetea tu.

"Okeyo ameniita nimchagulie mashine," Risper alisema. "Na wewe, Mama Boaz, nani anakuchagulia?"

"Mimi nitajichagulia."

"Twende wote. Duka ni moja, macho ni mengi. Kila mtu abebe disketi yake."

"Disketi ya nini?"

"Ukienda kununua kiatu, si unabeba mguu?"

Sella alitaka kununa lakini kicheko kilimponyoka. Alichukua disketi yake ya kazi. Okeyo alichukua zake za michezo, akazifunga na raba. Wakashika njia ya Riruta Satellite. Sella alitembea kushoto, Okeyo kulia, na Risper katikati kama refa.

*

Duka lilikuwa la kijana mmoja anaitwa Muia. Alikuwa na maneno matamu na tai ndefu. Kompyuta zilikuwa zimepangwa mezani, zote rangi ya uji. Moja ilikuwa na skrini kubwa na spika mbili ndefu kama minara. Okeyo alipoiona, alisahau hata kusalimia.

"Hii, bro, ni Pentium," Muia alisema. "Si mashine, ni ndege. Mpira utaona mpaka jasho la mchezaji. Na wewe, mama, barua zitajichapa."

"Yawa!" Okeyo aliguna. "Hii ndiyo yangu."

Hata Sella aliipenda. Ilikuwa na stika ya kung'aa mbele. Alianza kuwaza kitambaa cha rangi gani kingeipendeza.

"Iwashe," Risper alisema.

"Ni mpya kabisa, sister. Ni ya kupaki tu uende."

"Mpya au mtumba, iwashe. Kuku hanunuliwi akiwa ndani ya gunia." Risper akawaambia wenzake, "Angalieni skrini mwanzoni, kabla rangi hazijaja. Hapo ndipo mashine inajitaja yenyewe."

Skrini ikawa nyeusi. Nambari nyeupe zikaanza kupanda, kisha zikasimama.

"Stika inasema memori ni thelathini na mbili," Risper alisema. "Nambari zimesimama kumi na sita. Muia, hizo zingine zimeenda wapi?"

Muia alikohoa. "Aa, stika ni ya mwenyewe wa kwanza. Alikuwa na mpango wa kuongeza."

"Hata mimi nina mpango wa kuwa meneja. Okeyo, ingiza mchezo wako."

Okeyo akaingiza disketi. Gari zikatokea, zikakimbia vizuri. Lakini kimya! Okeyo aliinamia spika, akagonga moja kwa kidole.

"Sauti iko wapi?"

Risper alitazama nyuma ya mashine. "Spika zimechomekwa kwa umeme tu. Waya wa sauti unaning'inia. Hii haina kadi ya sauti ndani. Spika bila kadi ni kama redio bila stesheni."

"Kadi ninaweza kutafuta," Muia alisema haraka. "Hiyo ni kitu kidogo."

"Utafute. Mimi sikukatazi kuuza, ndugu yangu. Ninawafundisha hawa kuuliza tu."

Risper akakalia kigoda kilichokuwa pale, akakunja miguu kama mtu aliye kwake.

"Sasa sikilizeni. Watu wengi huanza na mashine, halafu wanatafuta kazi ya kuipa. Anza na kazi. Mama Boaz, wewe unafanya nini?"

"Barua. Kadi za harambee. Programu."

"Picha?"

"Labda msalaba na maua."

"Hiyo haitaki ndege. Inataka kibodi nzuri, printa inayokubaliana na mashine, na memori ya kutosha. Okeyo, michezo yako ni ya mwaka gani?"

"Ya kitambo. Jamaa wa Kibera alinikopia."

"Ya kitambo ni ya DOS, ile skrini nyeusi. Haihitaji hata madirisha."

"Lakini nini hii DOS, na nini madirisha?" Sella aliuliza. "Mimi huona watu wanasema tu."

"Ploti yenu ina keateka, yule mwangalizi wa nyumba?"

"Iko naye. Anafunga maji akikasirika."

"Basi hiyo ndiyo kazi. Kompyuta nayo ina keateka wake. Yeye ndiye anasema nani atumie nini, saa ngapi. Anaitwa mfumo wa kuendesha kompyuta. DOS ni keateka mkali wa zamani. Anaongea kidogo, anahudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja, na anakula kidogo. Windows 95 ni keateka wa kisasa. Anakuonyesha kila kitu kwa picha, anahudumia watu wengi pamoja, lakini anataka ofisi kubwa. Ofisi yake ni memori."

"Na memori si ndiyo inaweka kazi yangu?"

"Hapana, mama. Kazi yako inawekwa kwenye diski. Diski ni stoo. Memori ni meza ya kukatia mboga. Ukiwa na stoo kubwa na meza ndogo, utapika, lakini utachelewa. Ile ya nyumbani ina meza ya ngapi?"

"Nane," Okeyo alisema. "Ndiyo nilisema! Baiskeli na lori!"

"Ngoja kuringa. Meza ndogo huleta kuchelewa. Mmeniambia inaganda kabisa. Kuchelewa na kuganda ni magonjwa mawili. Okeyo, michezo yako ilikuwa inakimbia vizuri lini?"

Okeyo alifikiri. "Kabla ya Krismasi. Hata wakati wa mvua haikuwa mbaya."

"Na wewe, Mama Boaz?"

"Wakati wa mvua nilichapa programu tatu bila shida," Sella alisema polepole. "Ilianza kuzimia jua liliporudi."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo wamekubaliana jambo.

"Haya," Risper alisema akiinuka. "Muia, tutarudi. Mimi nataka kuona huyu mgonjwa anayeogopa jua."

*

Walimkuta Khamala nyumbani, anapiga randa ubao. Mabati juu yalikuwa yanalia kwa joto.

Kabati lilikuwa pale pale kwenye kona. Hebu nikuambie lilivyokuwa. Lilikuwa na milango miwili, kitasa cha shaba na kufuli, kama makabati ya televisheni ya zama zile. Khamala alilitengeneza mvua ilipoanza kudondoka kutoka darini. Aliziba kila ufa kwa gundi, tone lisipite. Ndani, Sella alikuwa ameivika kompyuta kitambaa alichofuma kwa mkono, cheupe chenye ukingo wa waridi. Juu ya skrini kulikuwa na kingine. Printa nayo ilikuwa na chake. Nyumba nzima ilikuwa hivyo: viti, redio, meza, hata jerikeni la maji. Nani miaka ile alikuwa na nyumba ya heshima bila vitambaa?

"Hufungua mlango wa mbele tu?" Risper aliuliza.

"Ndiyo. Halafu nafunua kitambaa kidogo, nione skrini."

"Na hiki cha chini?"

"Hicho hakitoki. Kinazuia vumbi."

Risper alipitisha mkono nyuma ya mashine. Akautoa upesi kama aliyeshika kikaango cha chapati.

"Uuui! Mama Boaz! Mmeivisha sweta!"

"Nini?"

"Sweta! Halafu mmeifungia ndani ya sanduku, juu yake mabati, juu ya mabati jua. Khamala, wewe ukivaa sweta na koti ulale ndani ya kabati saa nane mchana, utafanya nini?"

"Nitazimia," Khamala alisema.

"Basi!"

Sella alihisi uso umemchoma. Kile kitambaa alikifuma jioni nyingi, kwenye mwanga wa koroboi umeme ulipokatika. Alikifuma kwa sababu aliipenda ile mashine. Okeyo alifungua mdomo, Sella akamngoja aseme lake. Lakini Okeyo alitazama kile kitambaa, akafunga mdomo.

Kwanza Risper alichomoa waya wa umeme ukutani. "Msifungue kamwe kabla ya kuchomoa," alisema. "Halafu shika chuma cha kasha kidogo kabla ya kugusa ya ndani." Akafungua skrubu, akatoa kifuniko. Wote wakaiinamia, vichwa vinne vikagongana.

Ndani kulikuwa na feni ndogo. Haikuonekana kama feni. Ilikuwa imejaa vumbi la mbao la Khamala, na katikati ulikuwa umejizungusha uzi wa waridi.

"Hiyo feni ndiyo pua yake," Risper alisema. "Inavuta hewa baridi, inatoa ya moto. Mlimziba pua kwa upendo."

Khamala alileta brashi mpya ya vanishi. Risper alisafisha taratibu, akatoa uzi kwa vidole. Kisha wakatoa mashine nje ya kabati, wakaiweka mezani bila nguo. Ikawashwa.

Feni ikalia vuuu, sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu mvua ianze. Sella akachapa programu yote ya mzee Wanzala, na jina la mke wa pili likiwemo. Haikuganda. Okeyo akaleta vita vyake. Haikuganda. Jua lilikuwa bado kali, na Risper alikuwa ameshamaliza chai mbili na habari zote za Kambi Muru.

"Kwa hiyo tusinunue ingine?" Okeyo aliuliza.

"Mna kazi ya mashine mbili?"

Sella na Okeyo wakatikisa vichwa pamoja.

"Nendeni kwa Muia mnunue memori tu, ifike kumi na sita. Meza ikue. Hapo madirisha yatakimbia. Na jioni, Mama Boaz akimaliza, anabonyeza mahali pa kuzima. Mashine inauliza: nizime kabisa, niwake upya, au niende kwa DOS? Okeyo anachagua DOS. Keateka wa kisasa anaenda kulala, yule mzee anashika zamu. Michezo yenu itapata meza yote. Na kila mtu aweke kazi yake pia kwa disketi, kwa sababu mashine ni mashine."

Khamala alikuwa ameshatoa milango ya kabati kwenye bawaba. Bila kuulizwa, alianza kung'oa na mbao za nyuma.

*

Wiki iliyofuata kabati lilikuwa meza yenye magurudumu, wazi pande zote. Lilikaa mbali na pale padondokapo maji. Khamala alihamishia randa zake nje. Kitambaa cha waridi nacho hakikutupwa. Sella alikiweka juu asubuhi kabla ya kazi kuanza, mashine ikiwa imezimwa na imepoa, akakitoa kabla ya kuwasha. Memori iliongezwa. Barua zilifunguka bila mtu kwenda kuteka maji akingoja.

Khamala alikuwa ameng'oa ule msumari uliopinda. Mlango ulifunguka tena. Lakini ulifunguka kwa ajili ya kompyuta tu. Grrr, meza ilivuka. Okeyo alisema, "Asante, Mama Boaz." Sella alisema, "Sawa." Mlango ukarudishwa. Alichosema Sella juu ya punda, na alichosema Okeyo juu ya maiti, vilikuwa bado vimekaa pale mlangoni, na kila mmoja aliogopa kuviruka.

Jumamosi, jua likielekea kushuka, Immaculate akaingia. Mke wa pili wa marehemu, mwenyewe, na leso kichwani.

"Nataka programu ya ukumbusho," alisema bila salamu. "Na jina langu nalitaka mahali nitaliona."

Sella alivuta kiti. Alichapa. Meza ilikuwa upande wake, jua likipiga mabati. Sala, nyimbo, historia, wajane. Skrini haikuganda. Printa ikalia krrr, krrr, ile sauti ambayo sasa siisikii popote, karatasi ikatoka polepole. Immaculate alisoma kwa kidole mpaka akajifikia.

"Hapo sawa," alisema. Alikunja karatasi kifuani. "Kumbe haikuwa hongo."

"Ilikuwa sweta," Sella alisema.

"Nini?"

"Kaa, nitakuambia. Ni stori ndefu."

Immaculate aliondoka akicheka. Kabla hajafika barabarani alikuwa ameshamweleza muuza sukuma wiki, na muuza sukuma alikuwa na mdogo wake aliyetaka kadi za harambee.

Sella alibonyeza mahali pa kuzima. Mashine ikauliza. Akachagua DOS yeye mwenyewe, skrini ikawa nyeusi. Akafungua mlango mdogo, akasukuma meza, waya mrefu wa umeme ukiifuata nyuma. Upande wa pili Okeyo alikuwa amekaa kitandani, vijana wake bado hawajafika.

"Nimekutayarishia," Sella alisema. "Vita vyako viko tayari."

"Asante, Mama Boaz."

Sella hakurudisha mlango. Nyuma yake kuku alikuwa anachemka kwenye sufuria, na Khamala alikuwa ameshanawa mikono.

"Okeyo, hiyo karatasi umeshika ni ya nini?"

"Mkate."

"Mkate na nini?"

Okeyo alitazama dari. "Na maji."

"Hata punda hali hivyo," Sella alisema. Kisha akasogea pembeni, akaacha mlango wazi wote. "Khamala amekata kuku vipande vitatu, na mimi nimeolewa na mtu mmoja tu. Weka huo mkate chini, shemeji. Ingia ule."